Kilo Zangu Kwenye Mizani ya Viazi

Mwaka nilioondolewa kipande cha utumbo mpana nilipewa heshima kubwa kuliko niliyowahi kupewa nikiwa mwalimu mkuu, na heshima hiyo nusura initie kaburini. Najua maneno hayo yanasikika kama ya mtu asiye na shukrani. Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na niliyoambiwa na watu waliokuwa na vipimo mikononi. Mengine, yaliyosemwa sokoni na kwenye benchi la zahanati, nitayaacha huko huko yalikozaliwa.

Naishi peke yangu juu ya bonde, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mlola. Mke wangu alitangulia kabla ya ugonjwa wangu. Watoto wetu wawili wako mbali, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mwanza, na wana maisha yao. Nilifundisha hisabati na baiolojia kwa miaka mingi, kiasi kwamba wanaume kadhaa wenye mvi katika kata yetu waliwahi kusimama mbele ya meza yangu wakitetemeka. Sikuwa mwalimu wa kupendwa. Nilikuwa mwalimu wa kuaminika, na kwa muda mrefu niliona kwamba hilo linamtosha mtu.

Nilipoanza kuona damu chooni, watu watatu waliniambia ni bawasiri na wawili wakanitajia majani ya kuchemsha. Sikuwabishia, wala sikuwasikiliza. Nilisafiri siku nzima hadi hospitali ya rufaa, wakaingiza kamera, wakachukua kinyama wakakipima, na baada ya majuma kadhaa wakaniambia kwamba nina saratani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na kwamba haijasambaa. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana kiasi cha kuweza kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la mwisho. Alichukua kalamu akanichorea. Atakata kipande chenye uvimbe na kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Ili mshono upate kupumzika, atautoa utumbo mwembamba nje kupitia tundu kwenye ngozi ya tumbo, upande wa kulia, na choo kitatokea hapo na kuingia kwenye mfuko utakaobandikwa.

"Ni kwa muda tu, Mzee," alisema. "Miezi kama mitatu. Mwili ukishapata nguvu, tunalifunga tundu, unarudi kama zamani."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo matatu, *mwili ukishapata nguvu*, nikayaandika kwenye jalada la ndani la daftari langu. Sikumuuliza nguvu hiyo inapimwaje. Ningempa sifuri mwanafunzi yeyote aliyeacha swali la namna hiyo.

Mfuko ule ulikuwa na tabia ya kutoa sauti bila kuomba ruhusa. Jumapili ya tatu baada ya kurudi nilikwenda kanisani, nikakaa benchi langu la siku zote. Wakati wa kuungama, usharika mzima ukiwa kimya, mfuko ulinguruma kwa muda mrefu. Mama aliyekaa mbele yangu aliinamisha kichwa zaidi. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyecheka. Ningefarijika kama wangecheka. Sikurudi tena. Kanisa liko ng'ambo ya bonde, na siku isiyo na upepo kipaza sauti chao hufika hadi kibarazani kwangu, kwa hiyo nilijiambia kwamba nahudhuria.

Nyumbani, watu walinitunza kwa namna tunayoijua sisi. Kwetu mzee habebi mzigo mbele ya macho ya mtu aliyemfundisha kusoma. Ukikutana naye njiani ana kitu mkononi, unakipokea kabla hata shikamoo haijakamilika, na ukimpita hivi hivi, habari itatangulia kufika kwa mama yako. Hivyo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana wajukuu, alileta ndoo mbili za maji kutoka chemchemini kila asubuhi. Mke wake alileta kuni. Mwingine alinilimia matuta yangu ya maharage, na akayavuna pia, nami nikiwa nimekaa kibarazani nimejifunika blanketi, nikimtazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Maji haya hapa, Mwalimu."

"Asante."

"Haya, pumzika, Mwalimu."

Naye aliondoka. Hakuwahi kukaa. Kigoda kilikuwepo pale mlangoni, lakini mtu aliyechapwa viboko na mwalimu mwaka fulani hakai kwenye kigoda chake kupiga soga, hata miaka arobaini ikipita. Nilimtazama akiteremka mpaka kofia yake ikazama kwenye ukungu, kisha nikaingia ndani kunywa uji.

Niseme neno kuhusu uji. Mtaani kwetu ilikwisha kuamuliwa, sijui na nani, kwamba nyama huuamsha uvimbe, mayai huulisha, na maharage hupasua mshono kwa gesi. Basi majirani walileta uji wa sukari, chai ya maziwa yenye sukari, ndizi zilizopondwa, wali laini, maandazi. Mimi sikuuamini uvumi huo hata siku moja. Lakini niliula kila siku, kwa kijiko, kwa sababu ndio uliokuwa umeletwa mlangoni.

Imani yangu niliiweka kwenye mizani. Barabarani, pale malori yanapopakia mboga na viazi, kuna mizani kubwa ya chuma ya kupimia magunia, na mpimaji alikuwa mwanafunzi wangu. Kila siku ya soko nilipelekwa kwa pikipiki, nikavua koti na viatu, nikapanda. Baada ya upasuaji nilikuwa na kilo hamsini na nne. Halafu hamsini na sita, hamsini na tisa, sitini na moja. Wapagazi waliacha magunia yao wakaja kutazama.

"Mwalimu anapanda bei!" alisema mmoja, mgeni kutoka Korogwe ambaye hakuwahi kuiona fimbo yangu.

"Jaza jaza, bado hajawa lumbesa!"

"Huyo ni lumbesa tayari, angalia tumbo lilivyovuka kamba!"

Walicheka kunifananisha na gunia lililojazwa kupita kiasi, na mpimaji akawafokea wamheshimu Mwalimu. Ningependa asingewafokea. Niliandika kwenye daftari: sitini na tatu. Kilo tisa. Nilipiga mstari chini yake kwa rula.

Mtu mmoja tu hakupendezwa na kilo hizo. Mdogo wa marehemu mke wangu, mjane, anaishi mteremko wa chini karibu na mto. Kwa desturi yetu shemeji ana ruhusa ya kumsema shemeji yake atakavyo, na huyu aliitumia ruhusa hiyo kama watu wanavyotumia chumvi. Alikuja siku moja na kikapu cha viazi, akakiweka chini, akasimama ananitazama mikono kiunoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Umenenepa."

"Nimeongeza kilo tisa. Nimezipima."

"Ziko wapi?"

"Ziko wapi nini?"

"Hizo kilo. Mimi naona tumbo la diwani limewekwa juu ya miguu ya kuku mwenye mdondo."

"Hayo ni maneno ya vijiweni."

"Vijiweni hawakuoni, shemeji, umejifungia humu. Mimi ndiye ninayekuona. Hebu inuka hapo kitini."

"Siamrishwi nyumbani kwangu."

"Huwezi."

"Sitaki."

"Haya. Asiyetaka na asiyeweza wote wamekaa tu, mpita njia hatawajua."

Alikwenda zake akicheka. Nami nilihesabu maneno yake kuwa ni utani, na utani si ushahidi.

Ushahidi ulikuwepo, tena juu ya mwili wangu mwenyewe. Mkanda wa suruali ulikuwa umedai tundu la nje, na katika miezi hiyo hiyo mkanda wa saa ulikuwa umedai tundu la ndani. Saa iliteremka karibu na kiwiko kila nilipoinua kikombe. Mfuniko wa chupa ya chai ulinishinda, nikasema ni baridi ya mwezi wa saba. Nilipoinuka nilisukuma mikono ya kiti, nikasema ni goti. Kijana wa kidato cha pili, ukimpa tarakimu hizo, kwamba uzito umepanda, kiuno kimepanuka na kifundo cha mkono kimesinyaa, angeinua mkono kuuliza. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na namba moja iliyokuwa ikipanda, nami nikaipenda.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nilirudi hospitali ya rufaa nikiwa na daftari mfukoni na pijama mpya kwenye begi, nikitarajia kulazwa. Kabla ya daktari nilipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke mchanga mwenye sauti ndogo. Alinizungushia futi ya fundi cherehani kwenye mkono, juu ya kiwiko. Akanipa kifaa cha chuma chenye mshale, nikikamue kwa nguvu zangu zote, nikakikamua, mshale ukaenda mahali pa karibu sana. Halafu akavuta kiti kisicho na mikono.

"Kunja mikono kifuani, Babu. Simama, ukae, mara tano. Hakuna haraka."

Niliinua makalio labda upana wa kitabu. Nikarudi chini kwa kishindo. Nilijaribu tena, na tena, nikasikia jasho shingoni.

"Inatosha, Babu."

"Haijatosha."

"Inatosha kwa kuandika," alisema, na akaandika.

Daktari wa upasuaji alinionyesha picha mbili kwenye kompyuta, moja ya kabla ya upasuaji na nyingine ya juma lile, zote zikionyesha mwili wangu kana kwamba umekatwa kiunoni kama gogo na kutazamwa kwa juu. Nilifundisha baiolojia, sikuhitaji maelezo mengi. Palipo na misuli ni kijivu, palipo na mafuta ni giza. Kwenye picha ya kwanza, pande mbili za uti wa mgongo, misuli ilijaa kama ngumi mbili zilizofumbwa. Kwenye picha ya pili ngumi zile zilikuwa zimepungua, na giza lilikuwa limeingia ndani yake kwa mistari mistari. Giza lingine, jipya na nene, lilikuwa limejaa kuzunguka matumbo.

"Sitalifunga tundu mwezi huu, Mzee," alisema.

"Nimeongeza kilo tisa."

"Ndiyo. Ni mafuta, na maji kidogo. Nyama umepoteza."

"Kilo ni kilo."

"Si kweli, na nadhani unajua si kweli." Alisema bila ukali. "Nikiwa na wagonjwa wawili, uvimbe uleule, hatua ileile, mmoja ana misuli na mwingine hana, yule mwenye misuli anavumilia kisu, anavumilia nusu kaputi, mshono wake unashika, na mara nyingi anaishi zaidi. Mizani haiwezi kuniambia nani ni nani. Picha hii inaniambia."

"Umejuaje kwamba anaishi zaidi? Umesikia au umeona?"

"Nimesoma ya waliopima, na nimeona ya wagonjwa wangu. Lakini wewe ni mtu mmoja. Kwako wewe siwezi kuapa. Sijui."

Nilimheshimu kwa neno lile la mwisho. Ni madaktari wachache, na walimu wachache zaidi, wanaolitamka bila kukohoa kwanza.

Alinieleza hali ilivyo. Angesubiri miezi minne. Zaidi ya hapo, alisema, utumbo ulio chini ya tundu, ambao ulikuwa umekaa bila kazi, ungeendelea kusinyaa, na umri wangu nao haukusimama. Nikirudi bila nguvu, tungezungumza habari ya kuishi na mfuko hadi mwisho. Mtaalamu wa lishe aliniandikia mayai, maharage, dagaa, maziwa, nyama nikiipata. Kisha aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nyumbani nani anakuletea maji, Babu?"

"Wanafunzi wangu."

"Waambie waache. Anza na kidumu cha lita tatu, ufunge mkanda huu tumboni, usiinue kwa pupa. Mwezi unaofuata lita tano. Na kwenye kiti, kila siku."

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, mwanafunzi wangu alipoziweka ndoo chini, nilimwambia.

"Kuanzia kesho usilete maji."

Alivua kofia. "Nimekukosea nini, Mwalimu?"

"Hujanikosea. Daktari amesema nibebe mwenyewe."

"Daktari amesema wewe ubebe maji?"

"Amesema."

"Na watu, Mwalimu? Watasema tumekutupa."

"Watasema. Waache waseme."

"Wewe unaweza kuwaacha," alisema taratibu, akitazama ndoo. "Mimi ndiye nitakayekutana nao."

Hakurudi kesho yake. Mke wake alileta kuni mara moja zaidi, akaziweka mbali kidogo na mlango, kama mtu anayeacha kitu mahali asipokuwa na hakika napo. Yule wa matuta alinitumia salamu. Kufikia mwisho wa juma hakuna mguu uliokanyaga ua wangu isipokuwa wangu, na hapo nikatambua kwamba ndoo mbili zile na maneno yale machache ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu yote ya siku. Nilikuwa nimeyafukuza kwa amri ya daktari.

Njia ya chemchemini inateremka kati ya mikaratusi, halafu inapinda mara tatu. Siku ya kwanza nilipumzika kwenye kila kona wakati wa kushuka, na kwenye kila kona na katikati ya kila kona wakati wa kupanda, kidumu cha lita tatu kikining'inia mkononi kama gunia. Nilifika nyumbani nikalala na viatu.

Lakini lililonishangaza halikuwa uchovu. Lilikuwa utupu wa njia. Ile ni njia ya watu. Asubuhi wanawake huteremka na ndoo, wanaume huvuka kwenda mashambani. Tangu nianze kubeba maji sikukutana na mtu. Siku ya nne ndipo nilipoelewa. Nilimwona mwanaume akija kwa chini, jembe begani. Aliinua macho, akaniona, akaona kidumu. Alisimama kidogo, kisha akakata kuingia kwenye mikaratusi, akapita huko juu kwenye majani yanayoteleza ambako hakuna njia kabisa. Angekutana nami, ingempasa aupokee mzigo. Kwa kuwa habari ilikwisha kuenea kwamba Mwalimu amekataa kupokewa, jambo pekee la heshima lililobaki lilikuwa kutoniona. Na wote walifanya hivyo. Wanawake walibadili saa ya kuchota. Nilisikia vicheko vyao chemchemini nikiwa kona ya pili, na nikifika kona ya tatu palikuwa na matone tu juu ya mawe, na povu la sabuni.

Kwa miezi minne nilitembea kwenye njia ambayo watu wote wa kijiji changu waliniachia kwa adabu.

Shemeji yangu peke yake hakunikwepa. Alikuwa akikaa juu ya jiwe kona ya pili, anamenya maharage mabichi kwenye ungo, na kunisubiri.

"Kinyonga alipita hapa, shemeji, ameniachia salamu zako."

"Nipishe."

"Nikupishe uende wapi? Jua litakukuta papo hapo." Hakuinua hata kidole kunisaidia. "Leo unapumua kama ng'ombe. Juzi ulikuwa unapumua kama treni. Ni nafuu."

"Umepima?"

"Nina masikio."

"Masikio si kipimo."

"Na macho haya? Ndiyo yaliyokuambia miguu yako imekwisha, ukasema ni maneno ya vijiweni. Mpaka ukaambiwa na kompyuta." Alitupa ganda. "Na kompyuta ilikuita tumbo la diwani, au ilikuonea haya?"

Alikuwa sahihi, nami sikuwa na pumzi, nikampita. Nilipokuwa nimefika kona ya juu nilisikia bado anacheka peke yake. Ningeweza kurudi nikakaa kwenye jiwe lile. Nilitaka kurudi. Lakini sikujua mtu hukaaje tu na mtu mwingine bila kuwa na la kumfundisha, na kidumu kilikuwa kizito, basi nikaendelea kupanda.

Nilikula maharage. Nilikula mayai mawili kila asubuhi, na jirani mmoja aliyeona maganda jalalani akamwambia shemeji yangu kwamba Mwalimu ameamua kujiua. Sikwenda tena kwenye mizani. Nilipopita barabarani siku ya soko yule mpagazi wa Korogwe aliniita, "Mwalimu, leo hupandi?" nikamwambia kwamba mizani yake haiwezi kutenganisha kiazi na udongo uliogandia juu yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Hilo kweli, Mwalimu, ndiyo maana wanunuzi hapa hugombana," na akarudi kwenye magunia yake.

Jumapili nilihamisha kiti cha mezani, kile kisicho na mikono, nikakiweka kibarazani. Kipaza sauti kilipoanza ng'ambo, nilikunja mikono kifuani. Waliposimama kwa Injili, nami nilisimama. Walipokaa, nikakaa. Nikasimama kwa imani ya mitume, nikasimama kwa maombi, nikasimama kwa wimbo wa sadaka. Mwanzoni nilichelewa, wao walikuwa wamekwisha kukaa mimi nikiwa bado nimeinama nusu, nimeshika ukuta. Ukungu ukiwa mzito sikuliona hata paa la kanisa, ni sauti tu. Nilijua nani anakohoa. Nilijua benchi langu liko tupu au limekaliwa na mtu mwingine, na sikuwa na njia ya kuthibitisha lipi kati ya hayo mawili. Jumapili moja, mwezi wa nne tangu nianze kubeba maji, nilisimama nao sawa sawa, bila ukuta, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Niliporudi hospitali, mtaalamu wa lishe alivuta kiti kilekile. Nilisimama na kukaa mara tano. Aliniangalia, nikaongeza ya sita.

"Tano zinatosha, Babu."

"Ya sita ni ya kuthibitisha."

Kilo zilikuwa zimepungua tatu. Mkono ulikuwa umenenepa kidogo. Mshale wa kile kifaa cha chuma ulifika mahali pa heshima. Daktari alitazama picha mpya, kisha akasema, "Tunafunga." Aliandika tarehe. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Nani atakuja nawe? Lazima awepo ndugu."

Niliwapigia watoto. Wa Mwanza alikuwa amejifungua juma lile. Wa Dar es Salaam alisema, "Baba, nitajitahidi niombe ruhusa," na nikaujua mwisho wa sentensi hiyo, kwa kuwa niliwahi kumwambia mama yake maneno kama hayo mara nyingi. Niliporudi nyumbani niliteremka hadi karibu na mto. Mimi si mtu wa kwenda kwa watu. Kwa miaka mingi watu ndio waliokuja kwangu. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi.

"Karibu! Ee, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina ombi."

"Kaa kwanza. Wewe unayeweza kukaa na kusimama sasa."

Nilikaa. Nilimweleza tarehe, na kwamba hospitali inataka ndugu. Alinisikiliza hadi mwisho bila utani, jambo lililonitia hofu.

"Viazi vyangu viko ardhini," alisema. "Nitakaa siku tatu. Ya nne narudi."

"Siku tatu zinatosha."

"Na begi lako utabeba mwenyewe. Sitaki uje uniambie nimekuua kwa adabu."

Nilibeba begi mwenyewe kutoka kwangu hadi barabarani, yeye akitangulia na kanga yake mabegani, akisimama mbele kila niliposimama, bila kugeuka.

Upasuaji ulikwenda bila la kusimulia. Nililala, nikaamka, mfuko haukuwepo. Kesho yake asubuhi wauguzi wawili walikuja kuniinua, mmoja kila kwapa. Shemeji yangu alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, anamenya chungwa.

"Mwacheni," aliwaambia. "Huyo anaringa. Mwacheni ainuke."

Niliinuka. Ilichukua muda mrefu, na mshono ulinifundisha mambo kadhaa, lakini niliinuka, nikasimama nimeshika chuma cha kitanda. Yeye alitazama miguu yangu, si uso wangu, akatikisa kichwa kidogo kama mnunuzi aliyeridhika asiyetaka kuonekana ameridhika. Siku ya nne alirudi kwenye viazi vyake kama alivyosema.

Daktari alikuja jioni. Alisema mshono unashika vizuri, na kwamba atanipiga picha tena baada ya miezi sita, na tena baada ya hapo. Nilimuuliza nina miaka mingapi. Alisema hajui, ila ananipa nafasi nzuri kuliko ile aliyonipa siku alipokataa kulifunga tundu. Nililiandika hilo bila kulipigia mstari.

Kesho yake wodi ilijaa ndugu wa watu wengine, vyombo vya chakula, watoto wachanga wakipitishwa mikononi. Niliteremka kitandani, nikaanza kutembea ukumbini kama nilivyoagizwa. Nilikuwa nimefika mlango wa pili nilipohisi mtu nyuma yangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, binti wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, amenyoosha mkono tayari kunishika kiwiko.

"Shikamoo, babu. Nikushike?"

"Marahaba," nilisema. "Usinishike. Tembea nami tu."

Aliushusha mkono, akapunguza mwendo hadi ukawa sawa na wangu. Tulikwenda mpaka dirishani. Alisema wametoka Same, na kwamba baba yake anakataa uji. Nilimwambia kwamba baba yake ana akili, na tukageuka kurudi.